Kutuliza sakafu ya mbao inayolia, ukifanya kazi kutokea chini

Fundi akiitwa kutuliza sakafu ya ghorofani inayolia, mara nyingi huja na nyundo na misumari ya inchi tatu, anapanda juu, anagonga. Kelele inakatika wiki mbili tatu, halafu inarudi, na safari hii kuna vichwa vya misumari vinavyokwaruza nyayo. Msumari mpya umeingia kwenye ubao uleule, kando ya tundu la zamani, na ubao bado unapanda na kushuka kila anapopita mtu. Kinacholia ni huo mwendo. Na mahali pa kuuzuia ni chini, ambako boriti na mgongo wa ubao vinaonekana kwa macho na kushikika kwa mkono.

Mwongozo huu ni wa sakafu ya mbao zilizolazwa juu ya boriti, kama ilivyo kwenye baadhi ya nyumba za ghorofa za Mikindani, Lindi mjini na Kilwa Kivinje, ambapo chini ni duka au ghala na juu wanaishi watu. Unafaa pia kwa nyumba mpya yenye chumba cha juu cha mbao, ilimradi ukiwa chini uweze kuziona boriti.

Pwani yetu ina ghorofa za aina nyingine pia. Nyumba za kale za mawe ya matumbawe huwa na boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, na juu yake mawe, kokoto na chokaa. Ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba, upana wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi, kwa kuwa upana wa chumba ulifuata urefu wa mkoko. Sakafu ya namna hiyo haina ubao wa kulia. Ikianza kutoa mlio au kudondosha vumbi la chokaa, shaka ya kwanza iwe boriti inayooza au kukatika. Hapo usihangaike na kabari. Watu wahame chumba hicho, cha juu na cha chini yake, kisha umwite anayejua majengo ya kale.

Wakati wa kufanya kazi

Kusini tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Katika miezi hiyo mbao hunywa unyevu na kutanuka kwa upana; kwa urefu haziongezeki kiasi cha kukusumbua. Kiangazi kinapokaza zinasinyaa, nafasi zinafunguka kati ya ubao na boriti, na misumari inaanza kucheza kwenye matundu yake kama jino la mtoto. Sakafu iliyokuwa kimya mwezi wa Machi inaweza kulia nyumba nzima ikifika Septemba.

Kwa hiyo fanya kazi hii Septemba au Oktoba. Kelele zote zimejitokeza, hakuna iliyojificha, na kwa wenye mikorosho ndiyo miezi ambayo minada inaanza na fedha ya matengenezo inapatikana. Lakini ukumbuke kwamba nafasi unayoiona Oktoba ni kubwa kuliko itakavyokuwa Februari. Ukiijaza kwa nguvu, mvua zikija ubao utavimba, utakosa pa kwenda, utabinuka. Karibu kila kosa kwenye kazi hii linatokana na kusukuma mno. Lengo ni kuuegemeza ubao pale ulipo, usiuinue hata kidogo.

Vifaa

Tochi yenye mwanga mkali, chaki, futi kamba, ngazi imara, msumeno, drili na bisibisi, nyundo ndogo, kisu kikali, gundi ya mbao ya aina inayostahimili maji, na vipande vya mbao kavu. Miwani na barakoa ni lazima, kwa sababu juu ya kichwa chako kuna vumbi la miaka mingi na pengine kinyesi cha popo. Kama nyaya za umeme zinapita kwenye boriti, zima swichi kubwa ya nyumba kabla ya kutoboa chochote, utumie drili ya betri.

Kwenye skrubu usibane matumizi. Zile nyeusi za kufungia jipsamu ziache dukani. Ni rahisi, lakini zinakatika shingo kwenye mbao ngumu, na hewa ya chumvi inazila haraka. Chukua zilizopakwa zinki, na ukiweza za shaba nyeupe au za chuma kisichoshika kutu, hasa kama nyumba inatazama bahari. Kabla ya kukaza, zisugue kwa kipande cha mshumaa. Watu wengi hutumia sabuni, lakini sabuni huvuta unyevu na kuleta kutu.

Kutafuta kinacholia

Kazi hii inataka watu wawili, mmoja juu wa kukanyaga na mmoja chini wa kusikiliza. Wa juu awe na subira, maana ataambiwa arudie hatua ileile mara nyingi. Kwa sauti ya kawaida tu mnasikilizana:

"Mama Zuhura, rudi nyuma hatua moja, kanyaga kwa kisigino."

"Hapa?"

"Hapohapo. Sasa yumba, usiinue mguu."

Anapoyumba, wewe weka ncha za vidole viwili, kimoja kwenye ubao na kingine kwenye boriti. Vidole vitakuambia kabla ya sikio. Ubao ukishuka na kugusa boriti, utahisi mgongano mdogo. Weka alama ya chaki na uandike pembeni unachodhani ni chanzo. Zungukeni chumba kizima kabla ya kurekebisha popote, kwa sababu mlio husafiri kwenye mbao, na unaosikika mlangoni unaweza kuwa umezaliwa katikati ya chumba.

Chanzo cha kawaida kabisa ni ubao ulioachana na boriti. Chukua kadi ngumu nyembamba, kama ya vocha au ya benki iliyokwisha muda, uichomeke kati ya ubao na boriti. Ikiingia, umekipata. Mara nyingine ni mbao mbili zinazosuguana zenyewe, katikati ya boriti na boriti. Hapo utaona moja inashuka na ya pili imebaki. Mara nyingine ni boriti yenyewe inayonesa, na mbao zote zilizo juu yake zinalia pamoja.

Yapo mawili ambayo mafundi husahau. La kwanza ni msumari uliokosa boriti. Ukiwa chini unauona umeshuka ubavuni mwa boriti, unang'aa pale unapojisugua. Ukate kwa msumeno wa chuma au koleo kali karibu na ubao, na kelele ya eneo lile imekwisha bila kabari wala gundi. La pili ni bomba la maji au bomba la nyaya linalogusa mbao. Kata kipande cha ndara kuukuu, kipachike katikati. Kabla ya kuilaumu sakafu, hakikisha haya mawili.

Uchunguzi wa afya ya mbao

Ukiwa kwenye ngazi na tochi, choma boriti kwa ncha ya bisibisi kila baada ya hatua moja, na zaidi pale zinapoingia ukutani. Mbao nzima inakataa. Bisibisi ikizama bila nguvu, pameoza. Njia za udongo za mchwa zinaonekana wazi. Bungua huacha vitundu vidogo na unga laini chini yake. Ukikuta lolote kati ya hayo, tibu wadudu au uozo kwanza. Kabari iliyowekwa kwenye boriti iliyoliwa inakuwa imeegemea unga.

Nyumba iliyowahi kupoteza paa au kuvuja muda mrefu ina tabia yake. Lindi ilipigwa na kimbunga kikubwa Aprili 1952, na mvua nyingine nyingi zimeingia kwenye nyumba za mwambao tangu hapo. Ubao uliolowa ukaja kukauka upande mmoja hujipinda kwa upana, kingo zikainuka na katikati ikabaki chini. Ubao wa hivyo unataka kabari mbili nyembamba, moja kila ukingo. Ukiweka moja katikati, ambako tayari unagusa boriti, unazidisha tatizo.

Kabari

Hii ndiyo dawa ya kelele nyingi. Kata kabari kutoka mbao laini iliyokauka vizuri. Mabaki ya paini yanatosha kabisa. Urefu sentimita 15 hadi 20, upana sentimita 3 au 4, unene uanzie sifuri kwenye ncha hadi milimita 6 hivi nyuma. Nyuzi za mbao ziende kwa urefu wa kabari, la sivyo itakatika ukiisukuma. Piga msasa ili uso uwe laini.

Kwa kuwa tupo Mtwara, ambako vipande vya mpingo havikosekani kwa wachongaji, mtu atakushauri uvitumie kwa sababu ni vigumu na havifi. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na ugumu huo ndio kasoro yake hapa. Haubonyei hata kidogo, utauchimba ubao wa paini, na gundi ya kawaida haiushiki vizuri. Waachie wachongaji.

Paka gundi upande mmoja tu wa kabari, ule utakaolala juu ya boriti. Upande unaogusa ubao ubaki mkavu, ili ubao uweze kutanuka na kusinyaa bila kuvutana na boriti. Ingiza kabari kwa dole gumba mpaka ikatae. Igonge mara moja au mbili kwa mpini wa bisibisi, basi. Wa juu akanyage. Ikiwa kimya, acha hapo. Ikiwa bado, isogeze kidogo, akanyage tena. Ukishaona ubao wa jirani umeanza kuinuka, umepitiliza, ivute nyuma.

Nafasi ikiwa pana na sawa upana wote wa boriti, kabari moja itaegemeza ukingo mmoja tu na ule mwingine utabaki hewani. Tumia mbili zinazopishana, moja kutoka kila upande wa boriti, miteremko yake ikilaliana. Hapo ubao unapata kitako cha bapa.

Acha gundi siku nzima bila watu kupita juu. Kesho yake kata mkia wa kabari kwa kisu: kwaruza mstari mzito, uvunje. Mkia ukiachwa, siku moja mtu atauona na kuugonga ndani kwa nia njema.

Kipande cha kando

Mbao nne au tano zinapolia juu ya boriti moja, kabari moja moja ni kazi ya kuchosha na matokeo yake hayadumu. Hapo funga kipande cha mbili kwa mbili ubavuni mwa boriti, kikiwa kimegusa migongo ya mbao zote zinazosumbua, kikizidi kidogo kila upande.

Kwanza pima unene wa ubao. Usikisie. Nenda kwenye tundu la ngazi, ambako kingo za mbao huonekana, uweke futi kamba. Ubao wa inchi moja uliopigwa randa mara nyingi hubaki milimita 22 au pungufu. Kipande chako cha mbili kwa mbili kikipigwa randa hubaki kama milimita 45. Ukitumia skrubu ya milimita 60, itaingia milimita 15 ndani ya ubao na kubakiza milimita 7 kabla ya kutokea juu. Fanya hesabu hii kwa vipimo vyako, si vyangu, na ubakize milimita 5 au zaidi. Skrubu iliyochomoza chumbani itagunduliwa na mguu wa mtoto.

Paka gundi ubavu wa kipande unaoelekea boriti. Kiinue mpaka kiguse mbao, usikisukume zaidi, kishike kwa jiliwa au mtu akishike. Kaza kwenye boriti kwa skrubu za milimita 75 au 90, moja kila sentimita 20, zikipishana juu na chini ili usiipasue mbao. Kama boriti ni ya mti wa mviringo, chonga kipande kifuate umbo lake. Boriti usiiguse kwa shoka wala randa, maana unene ulio nao ndio unaowabeba.

Sasa toboa kwenda juu. Matundu ni ya saizi mbili: ndani ya kipande tundu liwe pana kidogo kuliko skrubu, ipite bila kung'ata, ndani ya ubao liwe jembamba, ili skrubu ishike. Kwa skrubu ya milimita 4, tundu la kipande liwe milimita 4 na nusu, la ubao milimita 2 na nusu, na kwa mvule au mninga milimita 3. Ukitoboa saizi moja kote, skrubu itang'ata kipande na ubao kwa pamoja na haitavuta kitu. Zungushia utepe kwenye keekee ya drili pale unapotaka ikome.

Wakati unakaza, wa juu asimame juu ya ubao huohuo ili uzito wake uushushe. Skrubu moja kwa kila ubao, katikati ya upana wake. Mbili pembeni zinaonekana imara zaidi, lakini ubao mpana uliobanwa kingo zote mbili hauna nafasi ya kusinyaa, na kiangazi kijacho utapasuka katikati. Kaza mpaka kelele ikome, halafu robo mzunguko. Ukikaza mpaka mkono uume, utazichana nyuzi za ubao na skrubu itazunguka bure.

Chuma cha pembe chenye umbo la L hufanya kazi hii pia kwa ubao mmoja mmoja, na huna haja ya kuchonga. Tatizo lake ni kutu.

Mbao zinazosuguana katikati ya boriti

Kata ubao mfupi wenye upana wa sentimita 10 hivi, uulaze chini ya mbao zinazosuguana, ukizipita mkingamo, kati ya boriti na boriti. Kaza kila ubao kwa skrubu moja, kwa hesabu ileile ya urefu. Usipake gundi. Zitashuka pamoja na kupanda pamoja, na kilichokuwa kinalia ni tofauti yao.

Boriti zinazonesa

Simama katikati ya chumba cha juu, mtu apite kando yako. Ukihisi sakafu inadunda, boriti zinahitaji kushikana. Kata vipande vya kukingama, vyenye kimo kinachokaribia kimo cha boriti, uviweke katikati ya urefu wake, kimoja kila nafasi. Pima kila nafasi peke yake, juu na chini, kwa sababu kwenye nyumba ya zamani hakuna mbili zilizo sawa. Kipande kiingie kwa kugongwa kidogo. Kikiingia kwa nguvu kinazisukuma boriti na kuleta kelele sehemu nyingine. Viweke kimoja mbele kimoja nyuma kidogo, ili uweze kukaza skrubu kutoka upande wa pili wa kila boriti. Kwa chumba cha mita tatu mstari mmoja unatosha.

Boriti iliyopasuka au kupinda sana ni habari nyingine. Inasindikizwa na mbao mpya ya kimo kilekile, ikaunganishwa kwa bolti, ikipita ufa mita moja kila upande, na kabla ya hapo huinuliwa polepole kwa jeki na nguzo. Jeki ikiteleza inaua. Mwachie fundi aliyewahi kuifanya, na umuulize aliifanya wapi.

Ncha ya boriti iliyooza ndani ya ukuta wa matumbawe pia ni ya fundi, lakini msimamie kwenye jambo moja: asizibe kwa saruji. Saruji hufungia unyevu na chumvi ukutani, na ncha mpya itaoza kama ya kwanza. Chokaa huruhusu ukuta upumue. Na kama nyumba iko katika mji wa kale, pitia halmashauri kabla ya kukata au kubadilisha boriti, kwa kuwa kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na majengo mengine yanalindwa. Kabari na vipande vya kando havilazimishi kukata wala kubadilisha boriti, jambo ambalo kwa nyumba hizi ni sifa kubwa.

Pale chini palipozibwa

Ukikuta silingi imefunika boriti, usikimbilie kuivunja. Bodi za zamani za saruji zinaweza kuwa na asbesto, na vumbi lake halifai kuvutwa hata kidogo. Usizikate wala kuzitoboa. Kwa muda, nyunyiza poda ya mwili kati ya mbao zinazosuguana, ikanyagwe iingie, ufute inayobaki. Itanyamazisha msuguano wa ubao kwa ubao kwa miezi kadhaa. Kwa ubao ulioachana na boriti haisaidii kitu.

Februari, mvua zikiwa zimekolea, rudi chini na tochi. Kabari iliyodondoka ilikuwa imelegea mno. Kata nyingine nene kidogo na uisubirishe hadi kiangazi. Ubao ulioanza kubinuka juu ya kipande cha kando umebanwa kupita kiasi. Legeza skrubu yake nusu mzunguko, wa juu akanyage, na usikilize tena kabla hujashuka kwenye ngazi.